Jibu la Elisifa

Mkuu, Rombo
Jumapili, 16 Februari 2025

Mwanangu Hilaria,

Kosa la walimu wengi wa darasa la kwanza ni kudhani kwamba mtoto aliyenyamaza anasikiliza, na kwamba asiyejibu hajui. Mimi mwenyewe nililifanya miaka sita mfululizo kabla sijashtuka. Watoto niliowapoteza katika miaka hiyo bado nawakumbuka kwa majina.

Mama yako mkubwa Mektrida ameusoma mstari huo akiwa amesimama begani kwangu. Amesema, "Mzee, hata salamu hakuna? Umekuwa mkaguzi?" Ana haki. Tumsifu Yesu Kristo, mwanangu. Sisi tu wazima. Goti linamsumbua akiteremka kukata majani ya ng'ombe, ila ulimi wake hauna tatizo lolote. Yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike. Upepo umeangusha migomba ya upande wa mfereji, kwa hiyo tunakula ndizi asubuhi, mchana na jioni, na majirani wameanza kutukwepa wasipewe mkungu.

Sasa neno lako. Binamu yako Jovin alinipa maneno uliyomtuma bila hata kuzima lori, nami nayarudia hapa unisahihishe nilipokosea. Una mtoto wa miaka sita, Elisifa, aliyeshuka kutoka Machame mwezi Januari kuja kuishi na bibi yake hapo Majengo. Wiki ya kwanza alizungumza. Kisha akafunga mdomo, na sasa unakaribia mwezi. Mwalimu mkuu wenu, Godlove, amesema asipozungumza hadi katikati ya mwaka ataandika apelekwe kwenye shule ya bweni ya watoto wenye mahitaji maalumu, mbali na bibi yake. Nawe huamini kwamba anastahili kwenda huko.

Kabla sijakushauri, nijibu maswali matatu. La kwanza, masikio yake yamepimwa? La pili, nyumbani wanazungumza lugha gani? La tatu, siku ya mwisho alipozungumza darasani alisema nini, na nani alimjibu?

Usinipigie simu kwa jambo hili. Simu yangu siku hizi inanong'ona, na jambo zito halifai kuandikwa kwa kidole gumba. Andika barua, mpe Jovin anapopakua ndizi.

Akupendaye,
Baba yako mkubwa, Basili


Majengo, Moshi
Jumapili, 2 Machi 2025

Baba mkubwa,

Shikamoo. Mama mkubwa naye nampa shikamoo yake, na pole ya goti. Mimi sijambo. Chumba ni kilekile, na fundi cherehani wa chini bado anashona na kuimba kwa pamoja, ila sasa amejifunza wimbo wa pili, namshukuru Mungu. Baba na mama wa Bomang'ombe wanawasalimu. Baba anasema mkungu mmoja wa zile ndizi zilizoanguka usipotee njia.

Maneno aliyokupa Jovin ni sahihi. Nimekupigia hata hivyo mara tatu, simu inaita hadi inakata. Mara ya nne ulipokea, ukasema "Haya, haya, sawa," ukakata kabla sijauliza kitu.

Elisifa nilimpeleka hospitali na bibi yake. Masikio ni mazima. Daktari alisema anasikia hata pini ikidondoka. Nyumbani wanazungumza Kimachame. Bibi yake, Bibi Anaeli, anauza ndizi sokoni na Kiswahili chake ni cha soko: bei, uzito na kwaheri. Lakini mtoto mwenyewe Kiswahili anakijua, alisoma awali huko juu.

Darasa langu lina watoto sabini na wanne. Nikiuliza, "Mmeelewa?" wanajibu, "Ndiyooo," hadi mabati yanatetemeka. Elisifa hajibu hata hiyo ndiyo. Ananitazama tu. Mwalimu mkuu aliingia wiki iliyopita akamwuliza jina lake, akamwuliza tena, akaandika kitu kwenye daftari lake. Ametaja tarehe: Ijumaa, 23 Mei. Siku hiyo fomu itajazwa.

Bibi Anaeli alinishika mkono tulipotoka hospitali. Akasema kwa kile Kiswahili chake, "Mwalimu, huyu ndiye ninaye. Wasimchukue."

Nifanye nini?

Mwanao,
Hilaria


Mkuu, Rombo
Jumapili, 23 Machi 2025

Mwanangu Hilaria,

Barua yako imelala kwenye lori siku kumi na nne, chini ya kiti, pamoja na spana na nusu ya mkate. Jovin anasema alisahau. Nimemsamehe, Mektrida bado.

Huku mvua zimeanza na njia ya kwenda kanisani imekuwa utelezi. Ndama anakua. Mkungu wa baba yako anao Jovin. Kama haujafika, mwulize kwa sauti ya ukali.

Nakushukuru kwa majibu mawili. Sisi wa Rombo na wale wa Machame tukikutana, kila mmoja na Kichagga chake, tunaishia kuombana radhi kwa Kiswahili, kwa hiyo siwezi kukusaidia neno hata moja la kumwambia bibi huyo. Lakini darasani naweza.

Wametupa K tatu: kusoma, kuandika na kuhesabu. Ni K nzuri, nimekula mshahara wake miaka thelathini na minne. Ila ipo K inayotangulia zote, nayo ni kusikiliza. Mtoto huja shuleni akiwa tayari ana ghala la maneno. Kazi yetu ya kwanza ni kumfungulia mlango wa ghala hilo, na mlango wenyewe hufunguliwa kutoka ndani. Ukiusukuma anauegemea.

"Ndiyooo" ya watoto sabini na wanne usiitegemee. Hiyo ni wimbo. Ukitaka kujua, uliza, "Mmesikia ng'ombe akiruka juu ya msikiti?" Watakujibu ndiyooo vilevile.

Fanya hivi. Wapange wawili wawili, mgongo kwa mgongo. Kila mtoto awe na jani moja, maharagwe mawili na kizibo kimoja cha soda. Mmoja apange vitu vyake apendavyo, kisha amweleze mwenzake, naye apange bila kuona. Wakimaliza wageuke walinganishe. Vikitofautiana, usiseme nani amekosa. Waulize neno limepotelea wapi, wao wenyewe watafute. Msemaji atajifunza kwamba maneno yake yana kazi, na msikilizaji atajifunza kwamba masikio yake yana kazi. Kwa mtoto kama Elisifa kuna faida nyingine: hakuna anayemtazama mdomoni.

Jambo la pili ni lako. Ukimwuliza mtoto swali, hesabu hadi kumi kimoyomoyo kabla hujafungua mdomo tena. Walimu wengi hawafiki tatu. Mimi nilijipima kwa saa ya mkononi, nilikuwa natoa sekunde mbili.

Swali langu la tatu hukulijibu. Nalirudia: siku ya mwisho alisema nini?

Akupendaye,
Basili


Majengo, Moshi
Jumapili ya Matawi, 13 Aprili 2025

Baba mkubwa,

Shikamoo. Nawatakia Juma Kuu jema. Mkungu ulifika Bomang'ombe ukiwa umeiva njiani, baba akaula nusu kabla ya kuufikisha ndani. Mama anacheka hadi leo.

Nimefanya ulivyosema. Siku ya kwanza kelele zilikuwa kubwa mno. Mwalimu Stella wa darasa la pili alichungulia mlangoni.

"Mwenzangu, humu mmefungua soko?"

Nikamwambia, "Wanajifunza kusikiliza."

"Basi wakifika kwenye kuzungumza unijulishe mapema, nihamishe darasa langu."

Lakini siku ya nne kelele zilishuka zenyewe, maana aliyepiga kelele hakusikika na jirani yake akakosea kupanga. Wanaulizana siku hizi: "Juu wapi? Juu ya jani au juu yako?" Sijawahi kuwasikia wakiulizana hivyo. Kuhesabu hadi kumi kunanitesa. Nikifika sita natamani kujibu mwenyewe.

Elisifa nimemketisha na Winfrida, mtoto mtulivu. Winfrida akieleza, Elisifa anapanga sawasawa, kila mara, hajakosea hata siku moja. Zamu yake ikifika anapanga vitu vyake, anakaa kimya, mgongo umenyooka kama ubao. Winfrida anasubiri. Kisha wanageuka na Winfrida anapanga kwa kutazama.

Kwa hiyo anasikia, anaelewa, na hasemi. Zimebaki wiki sita pungufu.

Swali la tatu sikumbuki vizuri. Mwezi Januari kulikuwa na mambo mengi.

Sasa nami nina swali. Jana nilimpata mama mkubwa kwa simu. Nilimwuliza mbona hupokei, akasema, "Mwulize mwenyewe kwenye barua zenu." Mimi nimempeleka Elisifa kupimwa masikio kwa agizo lako. Wewe yako yamepimwa lini?

Mwanao,
Hilaria


Mkuu, Rombo
27 Aprili 2025

Mwanangu Hilaria,

Pasaka ilikwenda vizuri. Umeniuliza kuhusu masikio yangu. Mvua huku zinaendelea, na maharagwe yametoka.

Mwalimu ambaye mtoto mmoja kati ya sabini na wanne hampi usingizi, hawezi kusahau neno la mwisho la mtoto huyo. Nimekuwa mwalimu. Usiniambie hukumbuki. Niambie hutaki.

Basili


Majengo, Moshi
Jumapili, 4 Mei 2025

Baba mkubwa,

Shikamoo. Sote tu wazima. Barua yako fupi nimeisoma mara nyingi kuliko zile ndefu.

Ilikuwa Jumatano, 22 Januari, kama saa tatu asubuhi. Mwalimu mkuu alikuwa amekaa nyuma ya darasa kunikagua. Nilikuwa nafundisha sauti ya herufi m. Nikamwona Elisifa anatazama dirishani. Nikamwita, hakugeuka. Nikamwita tena. Akageuka. Nikamwuliza kwa ukali, "Elisifa, unasikia?"

Akasimama vizuri, mikono nyuma, kama walivyomfundisha. Akajibu kwa sauti safi kabisa, "Nasikia njaa, mwalimu."

Darasa zima likacheka. Baba mkubwa, aliyeanza kucheka ni mimi. Watoto walinifuata. Kisha nikamwona mwalimu mkuu hacheki, nikaogopa ataniona sina nidhamu darasani, nikamwambia Elisifa, "Majibu ya jeuri umwambie bibi yako." Nikamsimamisha ukutani hadi kengele ya uji.

Toka siku hiyo watoto wanamwita Njaa. "Njaa, sogea." "Njaa, kalamu yako hii." Nimewakataza. Wanaliacha nikiwepo, wanaliokota nikitoka.

Kila nilipokuandikia nilikuwa naandika juu ya mtoto asiyezungumza, kana kwamba nilimkuta hivyo. Mwalimu mkuu anaamini ana ulemavu. Mimi najua hana, na sijamwambia nijuavyo, kwa sababu nikimwambia itabidi nimweleze siku ile aliyokuwepo na hakuielewa. Zimebaki wiki tatu kasoro siku chache. Akipelekwa bweni, nitakuwa nimempeleka mimi.

Hilaria


Mkuu, Rombo
Alhamisi, 8 Mei 2025

Mwanangu Hilaria,

Barua hii nimemkabidhi Jovin mbele ya Mektrida, naye amemwapisha. Sisi wazima, habari nyingine zitangoja.

Kwanza pokea shukrani yangu. Hilo lilikuwa gumu kuliandika, umeliandika vizuri, bila kujitetea.

Pili, tazama jibu la Elisifa lenyewe. Ulimwuliza kama anasikia, akakuambia anachosikia. Lugha yetu ndiyo ilivyo: tunasikia sauti, tunasikia harufu, tunasikia baridi, tunasikia njaa. Mtoto alilichukua swali lako zima, wewe ulikuwa umemwuliza robo yake. Hakuna jeuri hapo. Katika darasa lile alikuwa ndiye aliyesikiliza kuliko wote.

Tatu, nami nakuuliza kwa upole: tangu Januari umeandika juu ya neno lake, na kicheko, na jina alilopewa. Njaa yenyewe je? Kuna mtu aliyemwuliza kama alikuwa amekula?

Sasa zamu yangu. Sikio la kulia limekufa tangu Septemba, na la kushoto linalifuata. Mwezi Novemba, kwenye jumuiya ya kanisa, mwenyekiti aliniuliza, "Mwalimu, wiki ijayo utasoma?" Mimi nikasikia, "utachoma?" Nikamjibu, "Labda nyama ikipatikana." Walicheka sana, na mimi nikacheka nao ili yaishe. Tangu siku hiyo naketi karibu na mlango na kutikisa kichwa. Watu wameanza kuzungumza juu yangu nikiwepo. Juzi mmoja alimwuliza Mektrida, mimi nikiwa hapohapo, kama natumia sukari kwenye chai. Nina miaka sabini na mmoja, nimesoma, nina mke wa kunitetea, na kicheko kimoja kimenifunga mdomo miezi sita. Huyo ana miaka sita.

Kwa hiyo fanya mambo mawili. Nenda kwa Bibi Anaeli ukaulize habari ya chakula, uende kama mgeni, si kama mkaguzi. Na umwombe radhi Elisifa mbele ya darasa, kwa kuwa kicheko kilikuwa mbele ya darasa. Ukimwita pembeni ukamnong'oneza, utakuwa umejisafisha wewe tu. Usimtake ajibu. Radhi ikidai jibu papo hapo inakuwa mtihani mwingine.

Na mwalimu mkuu umweleze. Siyo kwa barua.

Akupendaye,
Basili


Majengo, Moshi
Jumapili, 25 Mei 2025

Baba mkubwa,

Shikamoo, na shikamoo ya pili kwa mama mkubwa. Jovin alileta barua siku iliyofuata, akanifanya nisaini kwenye pakiti ya sigara kwamba nimeipokea.

Nilikwenda kwa Bibi Anaeli jioni ya Jumapili. Alinipikia kiburu cha ndizi na maharagwe. Nikamweleza yote. Akafunua bakuli lililokuwa kwenye rafu. Kila siku anaondoka kwenda sokoni saa kumi na moja alfajiri, anamwachia mtoto chakula kimefunikwa. Kila mchana anakikuta vilevile. Alidhani mji umemkatisha hamu. Nikamwuliza Elisifa mbona hali, nikahesabu hadi kumi, akamtazama bibi yake. Bibi akamwuliza kwa Kimachame, akapata jibu la sikioni, akajipiga kofi pajani.

Nyumbani kwa mama yake huko juu, mtoto hali mpaka mkubwa aseme, "Kula." Bibi alikuwa anafunika bakuli na kuondoka bila kusema neno, mtoto akiwa bado amelala. Elisifa amekuwa akilitazama bakuli kila asubuhi, akisubiri ruhusa, kisha anakuja shule. Siku hizi mama mwenye nyumba wao anapita kila asubuhi, anagonga mlango na kusema, "Elisifa, kula." Ndiyo dawa yote.

Jumatatu nikasimama mbele ya darasa. Nikawaambia, "Mwezi Januari Elisifa alinijibu vizuri na mimi nikamcheka. Nilikosea. Elisifa, nisamehe." Nikawaambia Kiswahili kinasikia kwa masikio, kwa pua, kwa ngozi na kwa tumbo, kila mtu aseme anasikia nini. Mmoja akasema, "Nasikia baridi." Mwingine, "Nasikia vitumbua vya mama Asha." Mwingine, "Nasikia mkojo, mwalimu," nikamruhusu atoke. Wakacheka, nami nikacheka, na safari hii hapakuwa na wa kuumia. Elisifa hakusema kitu. Sikumwuliza. Lakini jina lile sijalisikia tena.

Siku nane zilipita. Nilianza kukata tamaa. Jumanne iliyopita nilikuwa nyuma ya darasa, nikasikia sauti nisiyoijua ikisema, "Kwanza weka jani." Sikugeuka. Nilisahihisha daftari lilelile mara mbili.

Ijumaa mwalimu mkuu akaja na fomu. Nikamweleza habari ya Januari, uso kwa uso. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, akasema, "Nilikuwepo. Nilidhani ni utundu." Kisha akataka kumwita mtoto ofisini. Nikamwomba asimwite, asimame nami nje ya dirisha, nyuma yao. Alinung'unika, akaja.

Elisifa na Winfrida walikuwa wamepeana migongo.

"Weka jani," Elisifa akasema.

"Nimeweka."

"Haragwe moja liwe juu ya jani. Lingine chini ya jani."

"Kizibo je?"

"Subiri. Kizibo bado."

Walipogeuka maharagwe ya Winfrida yote yalikuwa juu.

"Nilisema lingine chini," Elisifa akasema.

"Hukusema."

"Nilisema. Hukunisikiliza."

"Hukusema chini, ulisema lingine tu."

Mwalimu mkuu akaingiza kichwa dirishani kabla sijamzuia. "Alisema chini ya jani. Hata mimi nimesikia."

Wakageuka wote wawili. Nikadhani ndiyo basi, amefunga mdomo tena. Elisifa akamtazama, akamgeukia Winfrida. "Unaona?"

Tulipokuwa tunarudi ofisini mwalimu mkuu akaniuliza, "Yule anafoka hivyo nyumbani pia?" Fomu ameikunja akaitia mfukoni, tupu. Amesema mtoto haendi popote.

Bibi Anaeli nilimfuata sokoni kumwambia. Aliacha mizani, akanipa mkono, akasahau kuuachia.

Mwalimu mkuu amefurahi hivi kwamba ametaka Elisifa ndiye afungue ngonjera siku ya wazazi, Ijumaa tarehe sita Juni. Nami nimekubali. Nimeliandika jina lake liwe la kwanza kwenye orodha na mistari minne nimeitunga mwenyewe. Nataka waliomwita Njaa, na wazazi wao, wamsikie. Naye nitamwambia Jumatatu ya tarehe mbili.

Na wewe masikio?

Mwanao,
Hilaria


Mkuu, Rombo
Jumamosi, 31 Mei 2025

Mwanangu Hilaria,

Alhamisi ijayo Mektrida ananiteremsha Moshi kwa daktari wa masikio, kwa hiyo huenda tukaonana. Jumapili iliyopita niliwaambia jumuiya kwamba sisikii, wanisogelee na wazungumze wakinitazama. Mwenyekiti aliona haya kuliko mimi. Ndama tumemwachisha ziwa, analia usiku kucha, na mimi peke yangu nyumba nzima ndiye ninayelala.

Barua yako nimeisoma kwa sauti, Mektrida akaniomba nirudie pale dirishani. Umefanya kazi ambayo wakaguzi wengi hawataijua. Mtoto amebaki na bibi yake. Lolote litakalofuata, hilo limeshafanyika.

Lakini mwishoni umenitia wasiwasi. Hesabu mwenyewe: wewe umetaka azungumze mbele ya wazazi, mwalimu mkuu ametaka, mistari umeitunga wewe, orodha umeiandika wewe, na mwenyewe atajulishwa siku nne kabla. Sauti yake imetoka kwa sababu ilikuwa na kazi: kumweleza Winfrida mahali pa haragwe. Hapo uwanjani itakuwa na kazi gani? Ya kuonyesha kwamba tulimponya? Ni haja yetu hiyo, wala si vibaya kuwa nayo, ila yeye hatujamsikia.

Huenda atataka. Kuna watoto ambao mkutano mkubwa unawafungua. Huenda atasema hapana, na hapana ya mtoto huyu, ikitoka mdomoni mwake mbele ya mwalimu wake, ina thamani kuliko ngonjera nzima. Huenda akataka mistari yake mwenyewe, au asimame na Winfrida. Mimi sijui, wewe hujui, na mwalimu mkuu hajui.

Jovin ameahidi utaipata barua hii Jumatatu kabla hujaingia darasani. Basi fanya hivi leo. Futa jina lake kwenye orodha. Kisha keti kwenye dawati kando yake, mwulize, "Elisifa, unataka kusema ngonjera siku ya wazazi, au hutaki?" na ungoje mpaka akujibu.

Baba yako mkubwa,
Basili